Bakuli la bibi limevunjika: kabla hujatia gundi na dhahabu

"Shikamoo mtaalamu. Nina bakuli la kauri lenye maua ya buluu nililoachiwa na marehemu bibi yangu wa Tanga. Kila Ramadhani alikuwa akitupakulia uji wa futari ndani yake. Mwezi uliopita lilinidondoka nikiliosha, likatoka vipande sita, na kipande kimoja kidogo cha ukingoni sikukiona tena. Napenda mambo ya Japani tangu nikiwa sekondari, na nimetazama video nyingi za kintsugi, ile kazi ya kuunganisha vyombo kwa dhahabu. Nimeagiza seti mtandaoni: mirija miwili ya gundi, unga wa dhahabu na brashi. Ninaishi Dodoma. Je, nikishaliunganisha tutaweza kulia chakula kama zamani? Ni kweli Wajapani huvunja vyombo makusudi ili wavitie dhahabu? Shangazi yangu anasema chombo kilichovunjika hakikai ndani ya nyumba, ni nuksi. Kaka yangu anasema naiga utamaduni wa watu nisiowajua. Naomba ushauri kabla sijaanza."

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Chombo alichokupakulia bibi si chombo tu, na mtu akilia kwa sababu ya bakuli mimi simshangai. Nashukuru umeandika kabla ya kufungua hiyo mirija, maana gundi ikishaingia kwenye ufa, kuitoa ni kazi ngumu kuliko kuitia.

Nikujibu kwanza kwa kifupi ili moyo utulie. Kwa seti uliyoagiza, bakuli litapendeza kabatini lakini msilie chakula ndani yake tena. Kwa kintsugi ya asili mtaweza kulia chakula, kwa masharti nitakayoyaeleza. Hakuna fundi anayeheshimika Japani anayevunja chombo kizima ili akitie dhahabu. Na kaka yako ana hoja, ila ameielekeza pasipo pake. Shangazi nitamfikia mwishoni.

Wakati unaendelea kusoma, fanya jambo moja leo hii. Funga kila kipande peke yake kwa kitambaa laini, weka vyote kwenye boksi, na usivijaribishe tena kama vinashikana. Najua mkono unawasha kuvirudisha pamoja. Lakini kila unapovisugua, chembe ndogo za ukingo zinamomonyoka, na ukingo huo uliovunjika ndio kitu pekee duniani kinachofanana na mwenzake. Ukishapotea, mstari hautakutana tena sawasawa.

Sasa tuingie kwenye kosa kubwa ambalo hizo video zinalipanda, bila shaka pasipo kukusudia. Zinakuonyesha mtu akimimina kitu cha rangi ya dhahabu kwenye ufa, anabana, kazi imekwisha. Unabaki ukiamini kwamba dhahabu ndiyo inayounganisha. Dhahabu haiungi kitu. Neno kintsugi lina maana ya kuunga kwa dhahabu, kweli, lakini dhahabu ni vumbi jembamba linalonyunyizwa juu kabisa, siku ya mwisho, baada ya wiki nyingi za kazi. Kinachoshika bakuli ni utomvu wa mti.

Mti huo unaitwa urushi, na utomvu wake nao huitwa urushi. Unamea Japani, China na Korea. Japani kwenyewe, sehemu kubwa ya urushi ya nchi hiyo hutoka Jōbōji, katika mkoa wa Iwate kaskazini, ingawa mafundi wengi leo hutumia inayotoka China kwa sababu ya ndani haitoshi. Mgemaji huanza Juni, anakwangua gamba na kuchanja mstari wa kulala, kisha anakomba kwa kijiko cha chuma matone yanayochuruzika. Baada ya siku chache anarudi, anachanja mstari mwingine juu ya ule wa kwanza, mrefu kidogo. Mti uliotunzwa miaka 10 hadi 15 hutoa takriban gramu 200 kwa msimu mzima, halafu hukatwa ili chipukizi jipya liote kwenye kisiki. Kikombe kimoja cha chai, basi. Nakueleza haya ili ujue kwa nini fundi wa kweli anapima urushi kwa ncha ya kijiti, na kwa nini hatuipaki ovyo.

Kuna undugu hapa ambao msomaji wa pwani ataufurahia. Mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Kama una ndugu waliowahi kubangua korosho Mtwara au Lindi, waulize kwa nini wanapaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza. Yale mafuta ya ganda yanayobabua vidole ni ndugu wa kitu kilichomo kwenye urushi mbichi, kinachoitwa urushioli. Mtu anayevimba midomo akimenya embe kwa meno anapaswa kuwa mwangalifu maradufu na urushi. Hilo tutalirudia, maana lilinipata mimi mwenyewe.

Jinsi urushi inavyoganda ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote, na ndiyo inayowashinda wengi. Rangi za kawaida hukauka kwa kupoteza maji au kimumunyisho: ukizianika juani zinakauka upesi. Urushi ni kinyume. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoitwa lakasi, ambacho mwanakemia Mjapani Yoshida Hikorokurō alikitambua mwaka 1883 akichunguza utomvu huu huu. Kimeng'enya hicho huchukua oksijeni kutoka hewani na kuzifunga molekuli za urushioli moja kwa nyingine mpaka ziwe wavu mmoja mgumu. Lakini hakifanyi kazi pakavu. Kinataka joto la nyuzi 20 hadi 30 na unyevu wa asilimia 70 hadi 85. Kwa hiyo mafundi hawaaniki kazi yao, wanaiweka ndani ya kabati la mbao lenye unyevu linaloitwa muro. Ukiiweka urushi kwenye jua la Dodoma la mwezi wa tisa itakaa wiki nzima ikiwa bado inanata. Laiti ungekuwa Tanga, hewa yenyewe ingekusaidia nusu ya kazi. Dodoma itabidi utengeneze muro wako: boksi la plastiki lenye kifuniko, taulo lililoloweshwa na kukamuliwa chini yake, vijiti vya kuinua bakuli lisiguse maji, na kipima unyevu kidogo kinachouzwa kwa bei ya kawaida. Usikisie unyevu kwa kiganja. Mwaka wangu wa pili wa kujifunza nilikisia, taulo likakauka usiku, na kikombe cha mtu kikaachana mikononi mwake alipokiinua. Alinisamehe. Tangu siku hiyo sijawahi kuifunga muro bila kipimo.

Sasa nikuweke mezani uone kazi yenyewe. Kwanza kila ukingo uliovunjika unasuguliwa kidogo kwa tupa ya almasi, ule ukali tu wa juu uondoke. Kauri ngumu kama ya bakuli lako imefunikwa na kigae, yaani lile tabaka la kung'aa kama kioo, ambacho hakinywi kitu, hivyo gundi inashika kwenye kidonda tu, haishiki kwenye ngozi. Halafu unachukua unga wa ngano, ule ule wa chapati, unaukanda kwa matone ya maji juu ya kioo mpaka uwe laini, kisha unaongeza urushi mbichi kidogo kidogo. Mwanzoni mchanganyiko una rangi ya chai ya maziwa. Ukiendelea kuukoroga unageuka kahawia mbele ya macho yako, kwa sababu hewa imeshaanza kuugusa. Ukiinua kijiti, unavutika uzi mrefu usiokatika. Wewe wa Dodoma nikikwambia unavutika kama mlenda utanielewa mara moja. Unapoona uzi huo, gundi imeiva.

Unapaka tabaka jembamba pande zote mbili za ufa, unaacha dakika kadhaa lishike ulimbo, ndipo unabana. Vipande vina mpangilio wake: ukikosea, kipande cha mwisho hakitaingia, kama jiwe la mwisho la ukuta lililokatwa vibaya. Ndiyo maana tunavipa namba kwa penseli kwenye tepu ya karatasi kabla ya kuanza. Gundi kidogo itakayotoka kwenye mstari iache hapo hapo. Utaikwangua kwa kisu ikishaganda. Kisha bakuli linaingia kwenye muro, na huligusi kwa wiki mbili, au zaidi ikiwa ufa ni mnene.

Baada ya hapo panafuata kuziba mashimo. Yaliyo madogo yanazibwa kwa urushi iliyochanganywa na unga laini wa udongo wa mawe, na pengo la ukingoni kama lako linajazwa kwa mchanganyiko wenye unga wa mbao, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri zamu yake ndani ya muro. Unapiga msasa wa maji. Unapaka urushi nyeusi kwenye mstari, unasubiri, unapiga msasa tena, unarudia. Mwisho kabisa unachora mstari mwembamba wa urushi nyekundu. Unaupumulia kwa mdomo. Ukungu wa pumzi ukitokea juu yake na kutoweka, urushi imeganda nusu, haijalowa wala haijakauka, na hapo ndipo dhahabu inaponyunyizwa kwa pamba ya hariri, taratibu, kama mtu anayepaka poda shavu la mtoto mchanga. Ule wekundu wa chini ndio unaoipa dhahabu joto lake. Dhahabu yote ya bakuli moja haifiki gramu. Inafungwa kwa urushi nyembamba, inaganda, na inang'arishwa. Wengine hadi leo hung'arisha kwa jino la samaki aitwaye tai, anayefanana na changu wetu.

Hesabu yake ni miezi miwili au mitatu kwa vipande sita. Hakuna njia ya mkato ndani ya njia hii.

Seti uliyoagiza ni kitu kingine. Mirija miwili inayochanganywa ni epoksi, na unga huo kwa kawaida ni shaba ya njano iliyosagwa au vumbi la kumeta, si dhahabu. Siidharau. Epoksi ni gundi nzuri, inashika kwa dakika chache na haihitaji muro. Lakini epoksi nyingi hazikutengenezwa kwa kugusana na chakula, hasa cha moto au chenye ndimu, na vumbi la shaba huanza kubadilika rangi likikutana na asidi. Uji wa moto siku thelathini mfululizo ndio mtihani usioufaa kabisa. Ukiitumia, itumie kwa kitu cha kutazamwa. Na ujue kwamba ukitaka kurudi kwenye urushi baadaye, itabidi kuitoa yote, kazi inayoweza kula ukingo wa vipande.

Urushi iliyokomaa sawasawa ni habari tofauti. Wajapani wanakunywa mchuzi wa miso kwenye mabakuli ya mbao yaliyopakwa urushi kila siku, na wamefanya hivyo vizazi na vizazi. Dhahabu safi nayo haidhuru tumboni. Masharti ni haya: subiri angalau mwezi mmoja baada ya tabaka la mwisho kabla ya kutia chakula, usitie uji unaotokota, osha kwa mkono na sifongo laini, na lisiingie kamwe kwenye maikrowevu wala oveni. Ongeza moja la bakuli lenyewe: pitisha ukucha juu ya yale maua. Ukihisi rangi imeinuka juu ya kigae, maua yalichorwa baada ya kuchomwa, na rangi za aina hiyo kwenye vyombo vya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Hapo ningekushauri lisiliwe hata kama lingekuwa zima. Ukihisi utelezi mtupu, buluu iko chini ya kigae na hofu hiyo inapungua sana.

Umeuliza kama wanavunja makusudi. Iko hadithi moja inayosimuliwa kwenye mapokeo ya chanoyu, ile sherehe ya chai, na huenda ndiyo chanzo cha uvumi huo. Mtu mmoja alikuwa na kichupa cha chai kinachoitwa Unzan. Akamwalika Sen no Rikyū, bwana mkubwa wa chai aliyefariki 1591, akitegemea sifa. Rikyū hakusema neno. Mwenye nyumba kwa uchungu akakipiga kichupa kwenye chuma cha jikoni. Wageni wengine wakaokota vipande, wakaviunga, na Rikyū alipokiona tena akasema sasa ni kizuri. Miaka mingi baadaye bwana mwingine akakinunua, akataka viungo vilivyopishana virekebishwe vikae sawa. Kobori Enshū, bwana wa chai wa kizazi kilichofuata, akamzuia: hivyo viungo vilivyopishana ndivyo Rikyū alivyovipenda, viache. Angalia vizuri, mwanangu. Aliyevunja alivunja kwa hasira, hakuwa anatafuta urembo. Na hadithi nzima haitaji dhahabu.

Hadithi nyingine utakayokutana nayo kila mahali ni ya shoguni Ashikaga Yoshimasa, mtawala wa karne ya 15. Wanasema bakuli lake lilipasuka, akalipeleka China, likarudi limebanwa kwa vibanio vibaya vya chuma, akachukizwa, akaamuru mafundi wake wabuni njia nzuri zaidi, na kintsugi ikazaliwa. Bakuli lenyewe lipo. Ni seladoni, kauri ya kijani iliyofinyangwa Longquan, China, na liko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Lakini maelezo yaliyoandikwa na msomi Itō Tōgai mwaka 1727 yanasema kitu kingine: Yoshimasa aliomba China wampe jingine kama hilo, wakajibu kwamba halitengenezeki tena, wakamrudishia lile lile limebanwa kwa chuma. Nalo likapendwa zaidi kwa sababu ya vibanio vyake. Likapewa jina Bakōhan, kwa kuwa vibanio hivyo vilionekana kama nzige wakubwa waliotua juu ya kauri. Vibanio viko mpaka leo. Hakuna aliyevitoa akatia dhahabu. Mimi nilisimama mbele yake muda mrefu sana, na kilichonigusa si chuma, ni kwamba hakuna aliyejaribu kukificha.

Ukitaka kuona dhahabu, tafuta picha ya bakuli jekundu la Hon'ami Kōetsu, aliyeishi 1558 hadi 1637. Linaitwa Seppō, kilele chenye theluji. Hilo halikuanguka kabisa, lilipasuka ndani ya tanuri, naye akazijaza nyufa kwa urushi na dhahabu zikashuka kama vijito kutoka mlimani.

Na sio kila Mjapani aliunga kwa dhahabu. Dhahabu ilikuwa ya vyombo vya chai na nyumba zenye uwezo. Mwishoni mwa karne ya 18 mitaa ya miji ilikuwa na mafundi wapitao wakiunga sahani za watu wa kawaida kwa unga wa kioo chenye risasi uliochomwa, kazi iitwayo yakitsugi. Mtu alitaka sahani yake irudi mezani jioni ile. Ile lugha ya "makovu yako ndiyo uzuri wako" unayoisikia kwenye video ni ya juzi, na imeongezwa zaidi na watu wa nje. Si mbaya kujifariji nayo. Lakini usiichukue kama mafundisho ya wazee wa Kijapani, maana utawawekea maneno mdomoni.

Hapo ndipo namkuta kaka yako. Anauliza una haki gani. Mimi naona swali zuri zaidi ni unafanyaje. Mabakuli yaliyopendwa kuliko yote na mabwana wa chai wa Japani hayakuwa ya Kijapani. Bakōhan ni la China. Bakuli linaloitwa Kizaemon, ambalo ni Hazina ya Taifa ya Japani na linatunzwa kwenye hekalu dogo la Kohō-an mjini Kyoto, lilifinyangwa Korea, na mwonekano wake ni wa bakuli la matumizi ya kawaida. Watu hao walikuwa wageni mbele ya vyombo vya wenzao. Walivipenda, wakajifunza majina yake, asili yake, tanuri lake, wakavitunza miaka mia nne na zaidi. Wewe Mtanga unayekaa Dodoma ukipenda kazi ya Wajapani unafanya walichofanya wao. Kinachoweza kuudhi ni kuiba jina: kubandika epoksi na vumbi la shaba halafu kuuza na kuiita kintsugi, au kununua vikombe vizima na kuvipiga nyundo upate picha. Nilijifunza Kanazawa, Japani, kwa mzee ambaye hakuwahi kuniuliza natoka wapi kabla ya kuniuliza kama nimenawa mikono. Ukitumia seti yako, sema tu umeliunga kwa gundi na rangi ya dhahabu. Hakuna Mjapani atakayekukasirikia kwa ukweli huo. Nasi hatukuwa mbali na fikra hizi. Nani hajaona kibuyu kilichopasuka kikashonwa kwa uzi na kurudi kazini?

Kuhusu shangazi, sitamkosoa. Katika nyumba nyingi za pwani chombo chenye ufa huwekwa kando, na kuna busara ndani yake: ufa unashika uchafu na mabaki, na kipande kinaweza kumkata mtoto mdomo. Mwambie kwa heshima kwamba hutaki kukiacha kimevunjika, unataka kukiunga mpaka ufa usipitishe maji wala uchafu. Na ukiamua kiwe cha kutazamwa tu, mpeleke siku moja Kunduchi akaone makaburi ya nguzo, ambamo wazee walichomeka mabakuli ya China kwenye ukuta. Hayakuliwa tena, lakini hakuna aliyeyaita takataka.

Basi ningekushauri nini, ningekuwa mama yako? Nimekaa na maneno yako ya uji wa futari. Ungesema unataka pambo, ningekwambia fungua seti, lifurahie wiki hii hii. Lakini wewe unataka kulia chakula ndani yake tena. Kwa hiyo weka seti kando na uifanyie mazoezi sahani ya bei ndogo iliyokwisha kuvunjika jikoni, ujifunze kubana vipande kwa tepu bila kupishana. Kisha agiza mrija mdogo wa urushi, ukiuliza kwanza kampuni ya usafirishaji kama wanaipokea. Na usijisumbue kununua dhahabu sasa. Viungo vya urushi nyeusi au nyekundu bila madini yoyote ni kazi halali kabisa na imara vile vile, maana nguvu haikuwa kwenye dhahabu tangu mwanzo. Dhahabu unaweza kuiongeza hata baada ya miaka mitano, juu ya mstari huo huo.

Ngozi sasa. Nilipoanza nilivaa glavu vizuri, ila nikapangusa jasho la kipaji kwa mkono uliovaa glavu hiyo hiyo. Siku ya pili hakukuwa na kitu. Siku ya tatu niliamka macho yamevimba hayafunguki na malengelenge mpaka shingoni. Hivyo ndivyo urushioli inavyofanya kazi: haiunguzi papo hapo, mwili wenyewe unaamka baadaye na kupigana. Vaa glavu za nitrili, mikono mirefu, funga nywele, weka watoto mbali na chumba. Ikikugusa, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia kisha ndipo sabuni na maji, maana maji peke yake huisambaza. Kitambaa kilicholowa urushi usikichome moto, moshi wake unadhuru. Kama korosho mbichi au ganda la embe vimewahi kukuvimbisha, au una mimba, au una pumu, usiifanye kazi hii mwenyewe. Mpe fundi. Ukipata vipele vidogo mkononi vinaweza kuisha vyenyewe kwa wiki moja au mbili. Lakini vikifika usoni, machoni au sehemu za siri, vikisambaa, vikitoa usaha, au ukihisi kifua kinabana, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari jina la kitu kilichokugusa.

Na kuna mtu mwingine wa kumwona kabla yangu. Geuza kipande cha chini cha bakuli. Kama kitako hakina kigae na kuna alama ya buluu iliyoandikwa kwa mkono, au kama familia inasema lilikuwapo tangu kwa bibi wa bibi yako, lipeleke vipande hivyo hivyo kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam walitazame kwa macho. Pwani yetu ilipokea kauri za mbali kwa karne nyingi. Chombo cha umri huo huwa na mambo ya kusimulia ambayo urushi na epoksi zote mbili zinaweza kuyafunika.

Kama ni bakuli la dukani la miaka ya sabini, nalo ni la bibi, na inatosha. Osha vipande kimoja kimoja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kingo za vidonda kwa mswaki laini, usiloweke usiku kucha. Viache vikauke siku mbili kwenye kitambaa. Lile pengo la ukingoni lililokosa kipande litakuwa sehemu ngumu kuliko zote, na ndipo midomo itakapogusa, kwa hiyo usianze nalo. Anza na kipande cha chini, kilicho kikubwa, kinachobeba vingine. Ukishavipa namba, piga picha kutoka juu na kutoka upande, uniletee, nitakwambia kipi kiingie cha pili.